Mwezi wa Punje ya Wimbi

Kiuu, Ruiru

Mama yangu mpendwa,

Magoti yanasemaje na mvua hizi? Natumaini yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Sisi hatujambo, na kazi ya kiwanda cha biskuti pale Thika bado ipo. Ningekupigia simu, lakini kwa simu ningeanza kukudanganya tena. Wewe mwenyewe husema mficha uchi hazai, kwa hivyo nakuandikia.

Ule wimbi uliotutumia kwa basi, hatukunywa uji wake. Ulitaka kuchaguliwa mawe, nami niliona haya kubeba gunia hadi kwenye mashine ya kusaga mbele ya majirani wanaonunua unga wa pakiti. Nikampa mwenye nyumba alishe kuku wake. Ulipouliza, nilikuambia uji ni mtamu sana. Mjukuu wako Nafula alikuwa kando yangu akisikia.

Juzi mwalimu wake aliwaagiza watengeneze Zohali, ile sayari kubwa yenye pete, pamoja na mwezi wake mmoja mdogo kabisa unaoizunguka. Unajua shule za siku hizi, kazi ya mtoto hufanywa na mzazi. Lakini Nafula alinikataza kugusa. Alichukua mpira wa plastiki, akaukatia pete kutoka kwa kifuniko cha ndoo, akachomeka waya, na kwenye ncha ya waya akabandika punje moja ya wimbi. Aliipata kwenye mshono wa gunia lako, baada ya gunia kubaki tupu.

Asubuhi ya siku ya wazazi niliitazama ile punje nikaona tutachekwa. Wenzetu wangeleta vitu vya kuwaka taa. Nikaikwangua kwa ukucha, nikabandika ushanga mkubwa mwekundu wa mama yake. Sikumwambia mtoto.

Darasani mwalimu aliinama akatazama. "Nafula, si tulisema huu mwezi ni kadogo sana? Hii yako mbona kubwa hivi?"

Nafula aliuona ushanga. Akaniangalia, akaelewa.

"Yangu ilianguka, teacher," akasema. "Ni mimi sikubandika vizuri."

Wazazi wakacheka, nami nikacheka nao, Mama. Nilicheka huku mtoto wangu amesimama pale peke yake. Tuliporudi nilipiga magoti nikaipapasa sakafu yote nikiitafuta ile punje, lakini mama yake alikuwa ameshafagia.

Msalimie Baba, na ndugu yangu mdogo anayekuchungia ng'ombe. Msalimie pia yule mama wa kanisa anayekusomea barua, ingawa leo naona aibu kwamba ataisoma hii.

Nimemwambia Nafula namwandikia bibi yake, sikumwambia ninaandika nini. Amesema, "Mwambie kukhu uji ilikuwa tamu." Nilijaribu kuyaandika hayo peke yake nifunge barua, yakanishinda.

Mwanao,
Simiyu