Umwambie Sikioni

Kwa mwanangu Mwanaesha, Kismayo.

Kabla ya salamu nikuulize: Ijumaa kwenye simu ulikuwa unacheka nini? Mtoto anaitwa kwenye usaili wa ualimu, anaulizwa anaweza nini, anajibu, "Mimi siwezi kitu," nawe unanisimulia kama kichekesho, eti binti yako Nuru ana adabu. Hiyo si adabu, Mwanaesha. Bahati yake wamemwambia arudi mwezi ujao. Akilirudia jibu hilo, kazi ataichukua mwingine, na kwenye ile skuli ya kisiwani Chula atapelekwa mchu wa mbali, mgeni asiyejua hata kuwaamkia wale watoto.

Haya, salamu sasa. U mzima? Kifua cha mumeo kimepoa? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi ya huku ughaibuni imenikaa magotini, na kaka yako Omari ananivisha soksi mbili mbili kama mtoto mchanga. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikata maneno. Karatasi huwezi kuikata. Anakuja nayo jirani yetu wa huku, anasafiri kesho.

Omari kaniandikisha darasa la Kiingereza la wazee. Mimi, niliyetoka chuo cha Kurani na juzuu ya Amma tu, sasa nabeba mkoba. Wiki iliyopita mwalimu, msichana mpole, alituletea picha za ua, toka kichipukizi mpaka limefunguka, akatupa maneno yake. Nilidhani wenyewe wana moja tu, gro, kukua, linalotosha mtoto, ndevu na majani. Kumbe wanayo chungu nzima. Blum, ua linapofunguka. Flarish, kunawiri mpaka mpita njia akageuza shingo. Thraiv ndilo nililolipenda: kustawi hata pale ulipopandwa pabaya. Nikaikumbuka mikoko yetu, inakunywa chumvi na majani bado mabichi. Nayaandika kama ninavyoyasikia. Ukiona kosa, nyamaza.

Kisha akasema kila mmoja amtaje mjukuu wake kwa maneno yale. Bibi mmoja akamsifu wake mpaka nikamwogopea. Zamu yangu ilipofika nikasema, kwa Kiingereza changu kile kile, "Mjukuu wangu si kitu. Mwembamba, masikio makubwa, akili hana."

Mwalimu akaja kunichutamia mbele ya kiti, akaniuliza. Yule mtoto anakaa na nani? Anakula? Anapigwa? Halima, mwenzangu wa Kismayo, alicheka mpaka mtandio ukamvuka. "Mama Omari, utafungwa kwa ajili ya mjukuu aliye ng'ambo ya bahari," akaniambia.

Nikamtaka Halima anifasirie. Nikasema kwetu mtoto akinawiri hatumtangazi, kwa kuwa jicho la mchu halina mlango. Tunamwita jaa, tunamwita takataka, ili apite salama. Mwalimu akasikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na mtoto mwenyewe anajua kwamba mnasema uongo?"

Swali hilo nimerudi nalo kwenye basi mpaka nyumbani. Nuru hajui. Wewe ulijua. Mbele za watu nilikuita Jaa, ndiyo, na wageni wakija nilikupaka masizi usoni. Lakini magharibi nilikuweka mapajani, nikakufukiza ubani, nikakusomea dua, nikakwambia sikioni hakuna mtoto kama wewe toka kisiwa cha Koyama mpaka cha Ngumi. Ukalala unatabasamu. Mila ina nusu mbili, mwanangu. Wewe umeshika ile ya barazani, ile ya chumbani umeiacha. Miaka ishirini na moja msichana anaitwa takataka na hakuna aliyemnong'oneza lingine. Unataka ajibu nini akiulizwa?

Na ukweli unaujua. Aliwafundisha watoto wa mtaa kusoma kwa makaa ukutani. Barua zangu za hospitali zote yeye ndiye anayenifasiria kwenye simu. Mashaallah, mashaallah, nimesema mara mbili, usiniletee hofu zako. Mtoto anachanua, na atachanua zaidi. Nilimwambia mwalimu wiki hii, kwa maneno yake yote manne, naye akapiga makofi. Halima akataka nile ndimu nikunje uso, eti nimejisifu mno.

Nisalimie mjomba wako fundi wa mashua aliyeko Koyama, mwambie miwani yake inakuja na asiikalie kama ile ya kwanza. Nisalimie wifi yako wa Chula, muuza papa, apunguze chumvi. Mumeo mpe salamu, na dawa anywe.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda na kukukasirikia kwa pamoja.

Sasa barua iweke chini. Washa chetezo, mwite Nuru, funga mlango. Umfukize, umsomee, kisha umwambie sikioni kila anachokiweza, kimoja kimoja, mpaka akurudishie mwenyewe kwa sauti. Usimfungulie mlango kabla hajasema.