Hodi Tatu za Mama Yako

Baba Mwanasha,

Samaki wa kupaka yumo chunguni, wali nimeufunika. Mwanasha yuko kwa jirani, Mama Salimu. Kamchukue kabla ya adhuhuri. Mimi ~~nimekwenda sokoni~~ nimekwenda Munje kwa mama yako.

Asubuhi nilikuwa nikicheka na dada yangu kwenye simu. Mwanasha akaja, akaniwekea mkono begani, akanyamaza, kama yule kifaranga wa kwenye kitabu cha picha ninachomsomea ili ajifunze kungoja watu wanapozungumza. Nikampapasa kichwa, nikaendelea. Nilipomaliza akasema, "Bibi amepiga hodi mara tatu. Sikuitika kwa kuwa ulikuwa ukizungumza. Ameshaondoka." Mlangoni nikakuta kikapu cha mihogo.

Usimgombeze mtoto, tafadhali. Alifanya nilivyomfundisha. Kitabu nimekiweka juu ya kabati. Usimpe mpaka nimweleze kwamba hodi haingojeshwi.

Na hili nakuambia mwenyewe kabla hujalisikia kwa mama yako: dirisha lilikuwa wazi, na tuliyekuwa tukimcheka ni yeye.

Mama Mwanasha