Bawa Nililolichagua Mwenyewe

Jumamosi, tarehe 3, mwezi wa sita 1989
Sare nne za shule tangu asubuhi. Sindano mbili zimevunjika. Saa nane Monsieur Luc, injinia wa mgodi, amekuja na mifuko miwili mikubwa, akaifungua juu ya meza yangu. Parapente zake zote mbili, mabawa ya kitambaa ya kurukia angani. Anarudi kwao Ijumaa, anaziuza. Moja nyekundu, bado inang'aa. Nyingine ya kijani, imepauka, ina viraka vitatu. Viraka nilivitia mimi.

Miaka miwili nashonea watu wa klabu yao ya kuruka mabawa yao. Badala ya kunilipa, walinifundisha. Nimeruka mara kumi na moja kutoka kilima cha udongo wa mgodi, kila mara na bawa la kuazima. Sasa nataka langu.

Nataka nyekundu. Naandika ukweli.

Jumapili, tarehe 4
Mama hataki kusikia. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, hana mume, anataka kuning'inia hewani kama nguo iliyoanikwa. "Batu batasema nini, Mbuyi?" Nimekasirika. Sikula.

Tena si mimi peke yangu. Tata Kasongo, fundi wa umeme, tulijifunza kuruka pamoja. Naye anataka nyekundu. Luc anasema atakayewahi ndiye atakayeipata.

Jumatatu, tarehe 5
Nimepita kliniki kabla ya kazi, nikapanda mizani na kofia ngumu na kiti cha mikanda, vya kurukia. Kilo sitini na tatu. Muuguzi alicheka.

Kisha nimesoma lebo iliyoshonwa ndani ya bawa jekundu. Mrukaji asiwe chini ya kilo themanini. Nimesoma mara mbili. Mtu mwepesi chini ya bawa kubwa, upepo ndio unaamua.

La kijani: hamsini na tano mpaka sabini na tano.

Imeniuma. Saa nzima sikushona kitu.

Jumanne, tarehe 6
Leo nimekagua la kijani. Nimebana mdomo kwenye kitambaa na kupuliza, kipande kwa kipande. Hewa haipiti. Pembeni kidogo tu. Nimevuta kila mshono. Nimepima kila uzi unaoshika bawa na mikanda kwa futi yangu ya kitambaa, wa kushoto na mwenzake wa kulia. Sawasawa. Mikono yangu inajua kazi.

Nyekundu ilikuwa bado mezani. Nikaipima pia. Nyuzi za mbele, upande wa kulia, zimerefuka vidole viwili kuliko za kushoto; bawa la hivyo huanguka upande.

Nimepima mara tatu. Vidole viwili.

Jumatano, tarehe 7
Siku mbaya. Nimemwambia Luc. Amecheka. Ameruka nalo miaka miwili, anasema, halijamfanya kitu. Kasongo alikuwa amekuja kulichukua. Akasema mbele ya wateja wangu:
"Weye mwenyewe njo unalitaka. Njo maana unalichafulia jina."

Nikamjibu:
"Tata Kasongo, mi silitaki tena, ni kubwa kwangu. Tuende kule chini ya kilima, tulisimamishe mu upepo. Usiruke kwanza. Uangalie tu."

Amekubali. Shingo upande.

Usingizi hauji. Na kama nimekosea?

Alhamisi, tarehe 8
Sikukosea.

Upepo wa kiangazi, mzuri, wa moja kwa moja. Luc naye alikuja, akajifunga mikanda mwenyewe. Bawa likapanda. Upande wa kulia ukabaki nyuma, likaanguka kulia. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu lilimburuta kwa magoti kwenye mawe. Hakuna aliyecheka.

Luc aliomba futi yangu. Akapima peke yake, uzi kwa uzi. Akasema kwa heshima: "Citoyenne, umesema kweli." Haliuzi tena.

Kasongo alikaa juu ya kofia yake. "Mama Mbuyi, unisamehe. Keshokutwa, siku ya posho, mi ningeruka nalo." Ana watoto watano.

La kijani nimelinunua palepale, kwa akiba yangu ya kushona. Nimelibeba mgongoni mpaka nyumbani. Nimepita barabara kubwa kwa makusudi. Waone.

Jumamosi, tarehe 10
Nimeruka!

Asubuhi, baada ya baridi kupungua. Bawa lilipanda sawa juu ya kichwa, halikuyumba. Hatua tatu. Ya nne haikukuta ardhi. Niliona maji ya kijani chini ya shimo la mgodi. Niliona reli inayokwenda Kasaji, nyembamba kama uzi. Malori kama wadudu. Nilipiga kelele peke yangu kule juu, sijui nilisema nini. Nikashuka kwenye uwanja wa mpira, kwa miguu yangu miwili. Kasongo alikuwa akipiga makofi.

Najivuna. Hakuna aliyenichagulia.

Jumapili, tarehe 11
Sikushona. Mabega yanauma.

Mama amerudi kutoka misa, akakaa karibu nami barazani. Kanisani wamemwambia kila kitu. Alikunywa chai yake yote. Halafu:
"Yulu kule hewani, kunakuwa baridi?"

Nikasema ndiyo, sana.

Akaingia chumbani. Akarudi na sweta ya sufu ya marehemu baba, ile ya zamu zake za mgodini. Miaka sita haikutoka sandukuni. Nimeivaa. Mikono mirefu mno.

Mama amenivua, akachukua sindano. Anaifupisha sasa. Sikumsaidia.