Dua ya Mara ya Pili

Mdogo wangu Bakari,

Salamu nakupa kwa kuwa ni wajibu, si kwa kuwa moyo wangu u safi kwako. Ujumbe wako umefika. Wasema mashua yenu imeshatoka Shelisheli na wageni ndani, mtashukia Funzi, na wataka Mama asimame majini na chetezo chake cha ubani "kama siku ile". Nilikuwa jikoni hapa Diani nikikaanga samaki. Nilizima jiko nikatoka nje kutema mate. Kinyaa, Bakari. Sina neno jingine.

Siku ile unayoisema nilikuwa nawe. Wewe baharia, mimi mpishi, sote tumeajiriwa na yule mzungu aliyetaka mashua yake ya matanga iletwe huku kutoka Shelisheli. Lahaula, safari ile! Nguo hazikauki, magodoro yanuka ukungu, choo kimeziba, nami natapika mpaka nyongo. Wewe ndiye uliyenishikia ndoo. Ulinifuta mdomo kwa ncha ya shati lako ukanitania, "Mpishi gani huyu, chakula chake mwenyewe chamshinda?" Nikacheka huku nalia. Nilikupenda sana, ndugu yangu, usije ukasema nimesahau.

Na alfajiri ile uliponiamsha. "Dada, njoo unuse." Hatujaona kitu bado, lakini upepo ulileta harufu ya tope la mikoko na moshi wa kuni. Machozi yalikutoka wala hukuyaficha. Maafisa wa bandari ya Shimoni walitukagua hukohuko majini, kisha mwenye mashua akakubali nchi ya kwanza tutakayoikanyaga iwe kwetu, Funzi.

Mama alikuwa ameweka nadhiri. Mungu akiturudisha salama, ataingia baharini na ubani wake, atatushika vichwa na kusoma dua ya shukrani kabla mtu yeyote hajatusemesha. Watu walilijua hilo, pwani nzima ikanyamaza. Mama akaingia maji ya magotini, leso imemlowa, akatushika. Akasoma. Katikati sauti ikamkatika. Mama hakulia mbele ya watu hata tulipomzika Baba, lakini siku ile alilia.

Nawe, amina haijakauka mdomoni, ukasema, "Mama, turudie. Jua limeipiga simu, picha haikutoka vizuri."

Turudie! Ebo! Ukarudi kwenye kile kidau cha mpira kilichotutoa mashuani, ukakisukuma nyuma, ukaipachika upya simu yako kwenye fimbo, ukamwonyesha mama yako pa kusimama. "Lia kama mwanzo, Mama." Naye akasoma tena, kwa kuwa ni wewe, kitinda mimba wake. Machozi hayakuja. Akajipangusa macho makavu kwa leso ili akuridhishe. Watu wakatazama chini kwa haya. Kichefuchefu kilichonishika pale, bahari yote ile haikuwahi kunipa.

Picha yako ilisambaa, wageni wakakutafuta, ukapata kazi hii uliyo nayo ya kuwatembeza baharini. Hongera. Wewe hukumwona Mama jioni ile, ulikuwa ukijibu waliokusifu. Aliniambia, "Ya kwanza nilimpa Mungu. Ya pili sijui nimempa nani."

Nilidhani yatapita. Hayakupita. Kila baada ya swala huniombea mimi, huwaombea majirani, wallahi hata yule paka wetu mwizi ana fungu lake. Likifika jina lako, mikono humshuka. Asema akianza tu, hujisikia anaigiza, na kumwigizia Mungu anaogopa. Basi elewa vizuri: uko katikati ya maji sasa hivi, na mama yako hawezi kukuombea. Hilo ndilo ulilolifanya. Na juu ya hilo wataka ya tatu, mbele ya wageni wenye vinywaji mkononi! Huna hata soni?

Mama hatakuwapo Funzi. Yuko nami huku. Ujumbe wako nilimsomea wote, sikumficha. Akauliza, "Amesema anaumwa?" Nikamwambia hapana. "Amesema amenikumbuka?" Nikautazama tena, labda neno limenipita. Nikamwambia hapana, Mama. Akajilaza akageukia ukutani.

Nina hasira nawe, nazo hazijaisha kwa kuandika. Lakini wewe ni wetu, sina pa kukutupa. Washushe wageni wako, wapige picha mpaka wachoke. Ukimaliza, iache simu mashuani, vuka uje. Saa yoyote nitakufungulia. Usimwombe dua, usimwombe radhi kwa maneno mengi, wala usilie. Mpe shikamoo, ukae karibu naye, umenye mihogo, ufue, ulale, kesho yake ukae tena, mpaka siku atakayoweza kulitaja jina lako.

Kwa sasa nakuombea mimi. Najua haitoshi.

Dada yako mkubwa