Treni ya Baba Inarukaruka

Pieksämäki,
Jumapili, 19 Januari 2025

Mpendwa kaka yangu Jouko,

Salamu nyingi kutoka kwetu kwenye barafu hadi kwenu kwenye jua. Natumaini wewe, wifi Lorraine na watoto hamjambo, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu ulipoacha kubeba vyuma. Mimi sijambo kidogo. Nasema kidogo kwa sababu mwili ni mzima ila moyo haujatulia.

Nitaipiga picha barua hii nikutumie leo hii, kisha karatasi yenyewe ifuate kwa posta, maana mama alitufundisha kwamba jambo zito huandikwa. Na kwa simu nisingeweza. Baba yuko jikoni, kuta za nyumba hii unazijua, na masikio yake hayajazeeka hata kidogo.

Shangazi Hilkka ameshatoka hospitali na nyonga mpya, na tayari anagombana na wauguzi wanaomtembelea. Theluji imefika kwenye madirisha ya sauna. Hayo ndiyo mazuri.

Sasa nije kwenye ile kompyuta. Unakumbuka ulipokuja Julai kwa sikukuu ya baba ya miaka themanini, ukamletea kompyuta na ule mchezo wa kuendesha treni, ukakaa nao jioni nzima ukisogeza kila kipimo hadi mwisho. Ulisema baba hapewi nusu nusu. Mungu akusamehe, kaka, wewe tangu utotoni hujui kuwasha jiko bila kulijaza kuni.

Hata hivyo, tangu kiangazi hadi vuli mambo yalikwenda vizuri. Kila asubuhi baada ya kahawa baba alivaa kofia yake ya zamani ya udereva wa treni, akaendesha ndani ya mchezo hadi Kuopio na kurudi, akitaja taa kwa sauti kama enzi zile walipokuwa wawili ndani ya injini. Dereva anataja, msaidizi anarudia. Nilipokuwa sina zamu maktaba, nilikaa pembeni yake nikarudia mimi. Na ile kanuni nyingine hujaisahau, alituimbia mezani miaka yote: dereva akinyamaza, msaidizi ataje.

Desemba akaacha ghafla. Hakusema kwa nini. Wiki ile ile akatundika funguo za gari kwenye msumari wa mlangoni na kuniambia gari nilichukue mimi. Keekee ya kutobolea barafu akampa jirani. Mimi nikadhani ni uzee na baridi, mpaka siku niliyoinua sanduku la mkate nikakuta chini yake fomu ya nyumba ya wazee, imejazwa kwa mwandiko wake mwenyewe, imebaki sahihi tu. Jouko, niliirudisha palepale nikaifunika.

Nilimuuliza Alhamisi iliyopita, tukila supu ya njegere.

"Zinanipotea tena," akasema bila kuinua macho.

"Nini, baba?"

"Sekunde."

Wewe na mimi tunajua neno hilo lina uzito gani nyumbani kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa siku aliyopita taa nyekundu na treni ya magogo. Hakuna aliyeumia, lakini alipoulizwa hakukumbuka kitu kati ya nguzo moja na nyingine. Walimtoa kwenye injini wakamweka karakana hadi alipostaafu. Baba yetu haogopi kifo. Anaogopa zile nguzo mbili.

Akaniambia kwamba ndani ya mchezo treni inakuwa kwenye nguzo, mara iko nguzo ya pili, na katikati hamna kitu. Kila siku hivyo, na mwisho wa vuli nilikuwa na zamu kila asubuhi, kwa hiyo yuko peke yake nyumbani, wa kumuuliza hayupo. Akaamua ni kichwa chake.

Niliiwasha mashine palepale, bakuli mkononi. Na treni ikaruka, mbele ya macho yangu! Nilicheka hadi nikakaa sakafuni.

"Baba, hata mimi naona! Ni mashine hiyo!"

"Acha hizo. Unanionea huruma."

"Nakuapia!"

"We Marketta hujawahi kujua kudanganya. Tazama masikio yalivyo mekundu."

"Mekundu kwa sababu nimetoka nje, baba, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri!"

Sababu niliielewa baadaye kidogo. Baba hawezi kuendesha katika hali ya hewa isiyokuwepo dirishani. Kwake huo ni uongo. Ulipompangia ilikuwa Julai, na ndani ya mchezo ilikuwa Julai. Theluji ya kwanza ilipoanguka uani, naye akaiangusha ndani ya mchezo, na kwa vile wewe uliweka kila kitu juu kabisa, kila chembe ya theluji ilikuwa na kivuli chake. Mashine ikaelemewa. Nilipoiamuru ionyeshe pembeni mwa skrini inachora picha ngapi kwa sekunde, ilikuwa kumi na nne, mara tisa, mara kumi na moja.

Ungedhani ningefurahi. Nilifurahi usiku mmoja. Ijumaa nikiwa kazini, nikichapisha kurasa nne za maelekezo ya kuufanya mchezo usirukeruke, wazo lilinijia nikasimama na karatasi mkononi. Je, nikiilainisha kabisa, na baba bado akaona inaruka? Mashine mbovu ilikuwa inamsingizia, sawa, lakini ilikuwa inamfichia pia. Nilirudi nyumbani nikamwambia printa imeharibika. Sijui masikio yangu yalikuwa na rangi gani.

Lakini ile fomu ilikuwa bado chini ya sanduku la mkate, na sahihi ni kazi ya dakika moja. Kwa hiyo jana asubuhi nilileta kiti changu karibu na chake nikaanza.

Kwanza nilitaka kupunguza theluji. Alikataa katakata.

"Tangu lini dereva akaiambia theluji ipungue?"

"Basi tupunguze umbali wa kuona. Miti ya mbali isichorwe."

"Na taa nizione vipi? Unataka niendeshe kwa kunusa?"

"Vivuli je?"

"Toa. Sijawahi kusimama kwa ajili ya kivuli."

Tukatoa vivuli karibu vyote. Tukatoa mng'ao wa madirisha. Abiria wa vituoni tukawapunguza wakabaki wachache, akasema ni sawa, Suonenjoki hapajawahi kuwa na watu wengi hivyo isipokuwa wakati wa kuchuma stroberi. Nikafunga programu zote zilizokuwa zinajiendesha nyuma ya mgongo wetu. Namba ikapanda thelathini, arobaini na tano, sabini, kisha ikawa inapanda tisini na kushuka hamsini, na kwenye mshuko baba alikunja uso. Maelekezo yalisema heri chache zinazotembea sawasawa kuliko nyingi zinazorukaruka. Nikaifunga kwenye sitini, ambayo ndiyo mwisho wa skrini yenyewe. Ikatulia hapo. Sitini, sitini, sitini.

Akavaa kofia. Mimi nikawa msaidizi.

"Kijani," akasema.

"Kijani," nikarudia.

Njia ikateleza, Jouko. Theluji yote ilikuwepo, nguzo zilipita moja baada ya moja, na baba alianza kunyoosha mgongo kama mtu aliyeteremshiwa mzigo. Alitabasamu. Alimtukana dereva wa treni ya mizigo aliyepishana naye. Mimi nilitazama namba, kisha uso wake, kisha namba.

Kabla ya kituo cha Haapakoski kulikuwa na taa ya njano. Niliiona tangu mbali. Nilisubiri aitaje, maana yeye ndiye huanza. Macho yake yalikuwa wazi, mkono uko kwenye kishikio, na treni haikupunguza mwendo. Tukaipita. Namba ilikuwa sitini, haikutikisika hata mara moja. Taa iliyofuata, kwa bahati, ilikuwa kijani, naye akaitaja kwa sauti ile ile, kana kwamba ilifuata moja kwa moja ile ya kijani iliyotangulia na kati yao hamkuwa na kitu.

Nami nikarudia, "Kijani." Hilo tu.

Tulipofika Kuopio alivua kofia akaniuliza, "Ilikuwa laini njia nzima, sivyo?"

Nikamjibu, "Njia nzima, baba."

Alinipiga begani mara mbili, jambo ambalo hajalifanya tangu mazishi ya mama. Akasema wiki sita amejizika bure. Akaichana ile fomu akaitia jikoni pamoja na kuni. Halafu akaenda mlangoni, akachukua funguo za gari kwenye msumari, akasema kesho anakwenda ziwani kuvua, na keekee yake ataipitia kwa jirani.

Kesho hiyo ndiyo leo. Alfajiri, akiwa bado amelala, nilizitoa funguo kwenye koti lake, na sasa ninapoandika ziko kwenye mfuko wa sketi yangu. Namsikia jikoni akifungua droo moja baada ya nyingine. Hajaniuliza bado. Barabara ya ziwani ni ile inayopita mbele ya shule, na watoto huteleza pale kwa ski hata Jumapili.

Najiambia huenda alipitiwa tu, mtu yeyote hupitiwa. Kisha nakumbuka jinsi macho yake yalivyokuwa wazi. Nimepata nafasi ya daktari Jumatano. Sijamwambia kwa nini, wala sijamwambia kwamba ipo. Ninaogopa kumrudishia woga wake siku moja tu baada ya kumwondolea, na ninaogopa zaidi kutomrudishia. Njoo, Jouko. Sijakuomba hivi tangu msiba wa mama. Kama huwezi kuja, basi piga leo jioni saa za sauna, uongee naye mambo ya treni, umpe kicheko kidogo.

Nisalimie sana wifi Lorraine, na Aino, na Callum ambaye nasikia sasa amekupita urefu. Shangazi Hilkka anasema mmtumie picha ya bustani. Mungu awalinde na moto wa kiangazi chenu, na sisi atulinde na baridi ya huku.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukijaza jiko kuni,
Marketta

Nyongeza. Nilikuwa nimeshakunja karatasi. Baba alikuja akasimama mlangoni na koti lake la kuvulia, akanyoosha mkono. Nilizitoa funguo mfukoni nikampa, kwa sababu sikuweza kumnyima, halafu nikasema kwa sauti, kama alivyotufundisha, "Njano. Haapakoski."

Aliyatazama masikio yangu. Nilidhani ataniita mwongo. Kisha akarudia, polepole, kama kanuni inavyotaka: "Njano." Akageuka, akazitundika funguo kwenye msumari, akaanza kuvua viatu.