Ibara Iliyopita Bila Mjadala

Nyumba ya Wazee,
Ghorofa ya tatu, chumba namba 14.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Kabla ya mengine yote, pokea salamu za mjomba wako. U hali gani? Mama yako naye, mguu umepata nafuu au bado anaukokota? Mimi ni mzima wa kizee: macho yanaona kwa zamu, leo la kushoto, kesho la kulia. Dirisha langu bado linatazama ukuta, na muuguzi bado ananiita Bwana Kalamu kwa ajili ya wino vidoleni.

Nakala ya hukumu uliyonitumia imefika. Poleni sana. Miezi kumi na minne mdogo wako yumo ndani kwa kuwakodishia watu spika za mkutano, hajasomewa shtaka hata moja, na sasa majaji wawili kati ya watatu wanasema Katiba haikuvunjwa.

Nimeisoma mara nne. Ibara yenyewe unaijua: aliyekamatwa atafikishwa mahakamani "mapema iwezekanavyo". Majaji walijiuliza mapema hiyo ni lini, na kuuliza si kosa. Katiba ni maneno machache ya watu walioondoka mezani. Anayeyasoma hana budi kutafuta walikusudia nini. Basi wakafungua kumbukumbu za tume iliyoiandika. Ukurasa wa kumi na moja wananukuu: "Ibara ilipitishwa bila mjadala." Kwa hiyo, wanasema, waandishi hawakuwa na hofu yoyote juu ya muda, na kuupima ni kazi ya serikali.

Mpwa wangu, sentensi hiyo niliiandika mimi.

Wewe umekua ukinijua kama mjomba wa barua. Lakini kabla sijaikimbia nchi, miaka ishirini na tisa iliyopita, nilikuwa karani wa tume ile. Nilikaa mwisho wa meza, karibu na mlango, na nilisikia yote.

Ibara ile ilibishaniwa siku mbili. Mjumbe mmoja, mkunga mstaafu, alitaka ziandikwe saa arobaini na nane. Namsikia hadi leo:

"Mwenyekiti, mapema ya polisi na mapema ya mama mwenye mtoto rumande si mapema moja."

"Mama Mkunga, hivi kuna mtu atakayesema mapema ni mwaka mzima? Hata mlevi hawezi."

"Mlevi hawezi. Mwenye funguo je?"

Chumba kizima kilicheka. Mwenyekiti akaahidi mbele yetu kwamba jaji yeyote mwenye akili zake ataelewa ni siku mbili. Mkunga akakubali, shingo upande. Kisha mwenyekiti akanigeukia: "Karani, safisha."

Kusafisha ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mwenyekiti hakutaka wananchi wasome kwamba tuligombana. Maamuzi tu, ukurasa mmoja kwa siku. Siku mbili za mkunga nilizisafisha kwa maneno manne, nikasifiwa mwandiko. Kumbukumbu zikishatiwa saini, daftari la rasimu huchanwa. Nililichana kwa mikono yangu.

Jaji wa tatu, yule mama aliyewapinga wenzake, ameandika kwamba Katiba isomwe kwa kumlinda aliye mnyonge hata pale kumbukumbu ziliponyamaza. Alikaribia sana. Hakujua tu ni nani aliyezinyamazisha.

Utaniuliza kama yupo aliye hai kati ya waliokuwemo chumbani. Mwenyekiti amefariki, mkunga amefariki, wajumbe wengine nao; nimebaki mimi. Alhamisi nilikwenda kwa wakili wa mtaa huu, nikala kiapo. Hakunipaka mafuta. "Mzee," aliniambia, "watasema karatasi yenye saini ina nguvu kuliko kumbukumbu za mjomba wa mtuhumiwa." Nadhani ndivyo watakavyosema. Ningekuwa karani wao, ningewaandikia hivyo hivyo.

Hata hivyo kiapo kimo ndani ya bahasha hii, kurasa tisa. Mpelekeeni wakili wenu kabla rufaa haijasikilizwa tarehe tatu mwezi ujao. Safari hii sikusafisha. Nimeandika kila neno ninalolikumbuka, hata kile kicheko.

Jambo la mwisho ni zito. Siku ya kumtembelea mdogo wako, mwambie sentensi inayomshikilia mle ndani imeandikwa na nani. Na dada yangu usimfiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wakikataa salamu zangu, usiwalazimishe.

Nisalimie mumeo, na shangazi yako mshonaji, na wale mapacha ambao nawajua kwa picha tu. Mungu amfungulie mdogo wako mlango nikiwa bado naweza kuisoma habari hiyo, hata kwa jicho moja.

Ni mimi akupendaye,
Mjomba wako, Karani.