Siku Aikaeli Aliposhusha Ndizi Zangu

Mama,

Shikamoo. Najua leo huitikii, lakini kukuanza bila shikamoo siwezi, mkono wenyewe ungegoma kuandika.

Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, na kaburi lako naliona kati ya migomba. Ningeweza kuja pale nikakuambia kwa mdomo, ila jambo kubwa huandikwa, na darasa la saba langu bado linafanya kazi. Wewe ulikuwa ukisema linatosha kusoma mifuko ya mbolea tu. Haya, soma sasa.

Ulipokuwa kitandani uliniuliza habari ya Aikaeli, mjukuu wako, wajina wako. Uliniuliza, "Huyu mtoto atasimama wapi nikiondoka?" Mimi nikajifanya nakoroga uji. Amefeli kidato cha nne, haongei na watu, mgeni akibisha hodi yeye anakimbilia kwa ng'ombe. Ningekujibu nini? Ukaondoka na swali lako, na mimi mkweo nikabaki nalo kifuani, kanisani nalo, sokoni nalo.

Mama, amesimama. Nimemwona kwa macho yangu, kule Tanga, ufukweni. Na mtu aliyesukumwa kando ili yeye asimame nilikuwa mimi.

Nianze vizuri. Tangu utuache, kahawa imeanguka bei, watu wameng'oa wamepanda nyanya. Mwanao amekataa kung'oa yako, anasema utamjia usiku. Mjini kampuni za kupandisha wageni mlimani zimeota kama uyoga, na moja ndiyo iliyomchukua Aikaeli kuchemsha chai na kupokea simu. Kupokea simu, Mama, na Kiingereza anaongea. Wanawake wa kwaya wakiniuliza mtoto wangu anafanya nini huwa nasema yuko ofisini, halafu nanyamaza ili waulize tena.

Sasa akaja mzee mmoja wa Kizungu, ameshushwa mlimani kabla ya kufika kileleni, kifua kimembana. Alikaa pale ofisini amenuna kama mtoto aliyenyimwa peremende yake. Akasema yeye ni mvuvi tangu utoto, angalau apate siku moja ya kuvua bahari kuu kabla hajapanda ndege. Aikaeli, kwa kuwa hajui kumkatalia mtu, akamjibu inawezekana. Bosi akasikia. Kampuni ile haijawahi kupeleka mtu baharini, hata bwawani. Akamwambia basi aipange mwenyewe, na ikiharibika Jumatatu asije kazini.

Alirudi nyumbani hana rangi. Mtoto ambaye hajaona maji mengi kupita ya mfereji wetu wakati wa masika! Usiku hakula. Asubuhi nikamkuta amevaa, anakwenda. Aliniambia kwamba amefikiri, na bahari ataipanga kama mlima, kwa sababu mlima ndio anaoujua.

Na ndivyo alivyofanya. Alipiga simu Tanga mpaka akampata nahodha mwenye boti ya injini mbili, akamuuliza maji yanajaa saa ngapi, upepo unabadilika saa ngapi, kivuli kipo, barafu ipo, mishipi mingapi, chambo nani anatafuta, tangawizi ya kuzuia kutapika ipo. Nahodha akamtania kuwa Wachaga na bahari wapi na wapi. Yeye akaendelea. Akamwambia kwamba mlimani kila kundi linajua nani atamshusha mgonjwa, je huko kwao injini zikizima, nani anakuja kuwavuta? Nahodha akacheka. Akasema atamweka mdogo wake tayari na boti ya pili. Aikaeli hakuweka simu chini mpaka ametajiwa jina la huyo mdogo. Aliponisimulia nilicheka peke yangu jikoni, kwa sababu ukaidi huo ni wako mtupu, kwetu Kirua hatuna.

Sikukubali aende peke yake. Nilisema mpishi ni mimi, mgeni hawezi kushinda baharini na mkate mkavu. Unanijua. Nikapika wali, nikakaanga kuku, na mkungu wa ndizi mbivu nikauchagua mwenyewe pale nyuma ya zizi, ule mgomba uliokuwa unausifia. Niliubeba mapajani toka Moshi mpaka Tanga, nimeufunika kwa kanga kama mtoto mchanga. Kule joto, Mama, joto la kukaa nalo kama mtu wa tatu kwenye kiti.

Alfajiri tukafika kwenye boti. Nahodha akanipa mkono, nikaingia na mkungu wangu, nikauweka pale mbele uonekane. Yule mzee akaja amechangamka, kofia kichwani, akakanyaga ubao wa kupandia, akaona ndizi. Akarudi nyuma. Akamwambia Aikaeli maneno mengi, uso umemshuka kama siku ile ofisini.

Nikauliza kuna nini. Nahodha akajikuna kichwa, akasema kwa wavuvi wa Kizungu, ndizi haziingii kwenye boti, zinafukuza samaki. Mwenyewe hakujua mpaka alipoanza kubeba wageni.

Mama, damu ilinipanda. Nikasema ndizi zimemkosea nini, nimelea watoto wanne kwa ndizi, wote wana meno. Nikasema kama ni mkosi basi Kilimanjaro nzima tungekuwa tumekwisha. Mabaharia wakacheka, na mimi nikaona nimeshinda, nikakaa kitako karibu na mkungu.

Ndipo Aikaeli aliponiangalia. Angeweza kuniambia kwa Kichaga, ikabaki ya nyumbani. Alisema kwa Kiswahili, wote wakasikia.

"Mama, shusha ndizi. Mgeni wangu hapandi mpaka zishuke."

Hakupaza sauti. Hakuangalia chini pia. Yule mtoto wa kukimbilia kwa ng'ombe.

Nilishuka. Nilishuka na mkungu wangu, na kwa hasira nikasema basi na mimi nabaki nao. Akanijibu sawa, Mama, akapokea chakula kingine, akamshika mzee mkono akampandisha. Wakaondoka. Boti ikawa nyeupe, ikawa ndogo, ikawa hakuna.

Hapo hasira ikaisha, ikaja hofu. Nilikaa mchangani kutwa. Nilijiambia kama hawarudi, neno la mwisho mwanangu alilosikia kwangu ni la kununa. Nikakukumbuka wewe, nilipoolewa, nilipokuja na dagaa kutoka sokoni, na wewe harufu ya samaki jikoni huitaki. Hukunigombeza. Ulitoa sufuria nje ukaliweka chini ya mti wa kahawa, ukasema, "Hapa kwangu hapana." Nililia siku ile. Lakini ulikuwa mlango wako, na boti ile ilikuwa mlango wake. Sikuwa na haki ya kuuziba.

Ndizi karibu zote niliwagawia wanawake waliokuwa wakikausha samaki. Wakaniambia nisiogope, yule nahodha ni makini. Nikawaambia najua, mwanangu ndiye aliyemchagua.

Jua lilipoanza kulala nikaona kile cheupe kinarudi, nikasimama. Aikaeli alikuwa mbele, midomo imekauka, gauni lina matapishi, anacheka. Walipata nguru wawili wakubwa na jodari, Mama, na mzee alipambana na sulisuli, samaki wa mdomo kama mkuki, mrefu kuliko yeye akamwachia aende. Aliposhuka alimkumbatia mwanangu akalia kidogo. Halafu akaja kwangu, akaomba ndizi. Nchi kavu hazina neno, kumbe! Akala moja, akaomba nyingine, na za mwisho nikampa. Jumatatu bosi alimwita, na sasa safari zote za pwani anapanga yeye. Ana meza, Mama. Ya kwake.

Jana amekuja nyumbani, akavuka ua, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Kuniomba msamaha kwa kuniamuru mbele ya watu. Isale haikataliwi, wewe ndiye uliyenifundisha, nikaipokea. Lakini nilimwambia hakukosa. Nikamwambia ningeona aibu kama angeniacha nikae pale na mkungu wangu. Akacheka, na mimi nikalia, na hivi sasa nalia tena, lakini sio kilio kile cha kukuzika. Hiki kinapunguza mzigo.

Kwa hiyo, Mama, pumzika kweli sasa. Lala kwa ubavu unaoupenda. Mwezi ujao ana wageni wengine wa kuvua, na nakuahidi hapa ulipo: mara hii nitamsindikiza mpaka getini tu. Atafika Tanga, ataingia baharini, atarudi, na mimi nitakuwa hapa nakata majani ya ng'ombe. Itaniwia vigumu, najua. Nitabaki hivyo hivyo.

Kwaheri, Mama.

Mkweo unayemjua kwa mdomo wake,
Mama Aikaeli